Kaka kwa Sampuli

Juzi nilimnunulia binti yangu viatu vya shule. Alipofungua boksi ikatoka harufu ya gundi mbichi, nami nikabaki nimeshika kifuniko kama mtu anayepekua sanduku la marehemu. Muuzaji akaniuliza kama kuna tatizo. Nikasema hakuna. Binti yangu, ambaye ameingia umri wa kuniona aibu mbele za watu, akasogea kando akajifanya amekuja dukani na familia nyingine.

Wenzangu wa rika langu wana harufu za heshima za utotoni mwao: moshi wa kuni, mvua ya kwanza, asumini kwenye mto wa bibi. Wakianza kuzisimulia mimi hunyamaza, kwa sababu harufu ya utoto wangu ni gundi ya kiwandani, na wino wa kalamu nene nyeusi, na mvuke wa jiji lisilokauka. Nilikulia Guangzhou, juu ya katoni, kwenye ghorofa ya pili ya jengo la viatu Zhanxi, nikining'iniza miguu isiyofika chini. Chini yangu mikokoteni ilipita usiku na mchana, na watu walipigiana kelele za bei kwa lugha ambazo nilidhani ni moja tu, yenye vyumba vingi.

Baba alikuwa na skolashipu. Aliandika tasnifu kuhusu zege, na aliieleza zege kwa mapenzi kiasi kwamba wageni wetu waliaga mapema. Mama ndiye aliyetulisha. Aliwaagizia viatu wafanyabiashara wa Mombasa na Nairobi, na kazi hiyo ilikuwa na desturi moja ambayo ilinilea kuliko chuo cha Kurani na shule kwa pamoja.

Desturi yenyewe ilikuwa hivi. Mama na laoban, ndivyo sote tulivyowaita wenye maduka kwa Kichina, wakishagombana mpaka wakapatana, waliletewa jozi moja ya kiatu walichokubaliana. Wote wawili walitia sahihi kwenye soli zote mbili kwa ile kalamu nyeusi. Kisha jozi ikatenganishwa. Cha kushoto kilibaki dukani, cha kulia kilikuja kwetu. Hiyo ndiyo ilikuwa sampuli. Mzigo ulipotoka kiwandani Mama alikaa juu ya kigoda, kiatu cha kulia mapajani, akatoa kimoja kimoja akilinganisha mshono na mshono, rangi na rangi. Kikifanana, alitikisa kichwa. Kisipofanana alisema neno moja, "Irudi," na hata laoban mwenye sauti kubwa kuliko wote alijua mazungumzo yameisha. Nyumbani tulikuwa na rafu nzima ya viatu vya kulia. Mgeni mmoja mpole aliwahi kumvuta Baba pembeni akamuuliza kama kuna mtu wa nyumbani aliyepata ajali.

Mtoto akiona hayo kila siku anajenga dini yake. Yangu ilikuwa nyepesi: kinachotiwa sahihi huja, na huja kama kilivyo kwenye sampuli. Kikichelewa, kiko baharini.

Sasa, laoban aliyemzoea Mama kuliko wote alikuwa mwanamke tuliyemwita Bi Chen, mnene, mcheshi, mwenye kikokotoo kilichofungwa shingoni kwa uzi kama hirizi. Mpwa wake, A-Keung, alicheza besiboli, mrushaji wa mpira katika kikosi cha akiba cha mkoa, timu ya ligi ya chini ambayo hata watu wa mtaa wao hawakuijua. Bi Chen alipewa tiketi asizozitaka, naye akampa Mama, Mama akampa Baba, na hivyo ndivyo Jumamosi zangu zilivyoangukia kwenye mchezo ambao hakuna mtu wa nyumbani kwetu aliyeuelewa.

Uwanja ulikuwa mwisho wa basi, pale ambapo mji ulikuwa bado unaamua kama utakuwa mji. Upande mmoja migomba, upande mwingine majengo yaliyofungwa mianzi na neti za kijani, na juu yake winchi zikigeuka taratibu kama zinatafuta kitu zilichodondosha. Hewa ilikuwa nyeupe na nzito, ya kunyweka. Watazamaji walikuwa wachache: wazee wenye vipepeo vya mkononi, familia za Kijapani zilizokuja na viwanda vya magari, na sisi. Wachezaji walivaa nyeupe tupu. Walisimama wametawanyika majanini bila kufanya lolote kwa muda mrefu, mmoja akatema mate, mmoja akagusa kofia, kisha ghafla wote wakakimbia, kisha wakasimama tena. Baba, aliyekuwa amekuja na tasnifu, alitazama mara moja akatoa hukumu: "Ni kriketi iliyopotea njia." Akarudi kwenye zege yake.

Mimi nilikuwa kama niliye ndotoni. Sijui hadi leo nani alishinda mchezo gani. Nakumbuka mlio wa gongo uliotufikia baada ya mpira kuwa umeshapaa, na mpira wenyewe ukipotea ndani ya weupe wa anga, na watu wote, wachezaji na wazee na wajenzi kule juu ya mianzi, wakisubiri pamoja utoke.

Mlangoni, ukinunua chupa ya chai ya sukari, ulipewa kadi yenye picha ya mchezaji mmoja. Mchezo ulipokwisha niliona watoto wakishuka mbio hadi kwenye uzio, kila mmoja na kadi yake na kalamu nene nyeusi. Wachezaji wakapita wakaziweka kadi juu ya magoti, wakatia sahihi juu ya picha zao wenyewe, wakazirudisha. Mtoto akapokea kwa mikono miwili, akapuliza wino.

Moyo ulinilipuka. Picha, kalamu ile ile, sahihi. Nikamvuta Baba shati.

"Baba, wale watoto wanaagiza?"

"Eeh," akasema Baba, bila kuinua macho.

Mtu wa skolashipu akishasema eeh, mtoto wa miaka minane abishe na nani?

Kilichonitatiza ni hesabu tu. A-Keung alikuwa mmoja na watoto walikuwa wengi. Nililala nalo hilo, nikaamka na jibu: kwani kiatu cha sampuli si kimoja, na katoni zinazokuja si mamia? Hawa tunaowaona wanacheza ni sampuli. Mahali fulani, labda Foshan, mji jirani wa viwanda, kuna kiwanda. Nikawaona akina A-Keung wamelala safu kwa safu ndani ya kontena, kila mmoja amefungwa karatasi nyororo, macho yamefumbwa, na kile kifuko cha kunyonya unyevu kinachokuja na viatu kimetiwa mfukoni. Sikuogopa hata kidogo. Niliona ni jambo la utulivu sana.

Basi nami nikaanza kuagiza. Sikuwa nikitaka wachezaji, kusema kweli. Nilikuwa najifunza kazi. Nilipata sahihi ya mdakaji mnene aliyenichorea ua, na ya kijana mmoja wa akiba aliyefurahi mno kuombwa hata akatia sahihi pande zote mbili. Aliyenishinda alikuwa A-Keung. Kila mchezo ukiisha alipita mlango wa nyuma na barafu begani, ya kutuliza bega la kurushia. Bi Chen alisema ana haya. Kadi yake nikaiweka peke yake, ikisubiri, na nilikuwa na hakika kwamba atakayempata A-Keung ameijua kazi.

Nilichokitaka hasa kilikuwa Mombasa. Kilikuwa kaka yangu, Athumani.

Tulipoondoka alibaki kwa Bibi kwa sababu ya shule na kwa sababu ya karatasi, na mimi nilikuwa mdogo mno hata nikaondoka bila sura yake. Nilikuwa na sauti tu, kila Ijumaa, kwenye simu iliyochelewesha maneno. "Mwana, hujambo?" ilisema, na nikijibu, jibu langu liligongana na swali lake la pili katikati ya bahari. Na nilikuwa na picha. Ilipigwa studio zamani, kabla hatujaondoka, nyuma yake maporomoko ya maji ya kuchorwa. Mvulana mdogo wa shati lililofungwa hadi kooni, jino moja la mbele halipo, sikio la kushoto limesimama kama linamsikiliza mpiga picha.

Mteja wa Mama, Bwana Kombo, alikuwa akirudi Mombasa. Nikamfuata na picha ndani ya mfuko wa plastiki.

"Mpe Kaka atie sahihi hapa, juu ya picha. Usiikunje."

"Nikiikunja je?"

"Basi atakuja amekunjika."

Bwana Kombo akacheka hadi akashika meza. "Mama Mwana, huyu mtoto wako ameshakuwa laoban!" Mama naye alicheka, akadhani nataka ukumbusho wa kaka yangu kama watoto wa kule uwanjani. Hakuna aliyeniuliza zaidi, nami sikuona haja ya kueleza jambo lililo wazi.

Picha ikarudi na sahihi, kubwa, yenye mikia, sahihi ya kijana aliyejizoeza nyuma ya daftari. Haukupita muda mrefu Mama akatangaza habari akiwa analia na kukaanga samaki kwa wakati mmoja: Athumani amemaliza mtihani wake, viza imetoka, anakuja kwa likizo yote. Akipazoea, chuo cha Baba kitamtafutia nafasi ya kusoma lugha, abaki nasi. Asipopazoea, atarudi kwa Bibi. Baba akasema alhamdulillahi. Mimi nilijua ni nani aliyefanya kazi hiyo, lakini nikanyamaza kwa unyenyekevu.

Uwanja wa ndege nilivaa gauni la Idi. Milango ikafunguka na Mama akapiga kelele akakimbilia mtu mrefu mwenye begi mgongoni na kivuli cha masharubu. Alimkumbatia kwa muda, akimpapasa mgongo, kichwa, mikono, kama anayehesabu. Baba alivua miwani akaifuta. Kisha mtu yule akachuchumaa mbele yangu.

"Mwana," akasema, kwa sauti nzito ya mtu mzima. "Hujambo?"

"Msalimie kaka yako," akasema Mama.

Nikatoa picha mfukoni, nikaiinua sambamba na uso wake. Nilifanya kama nilivyofunzwa, bila haraka.

"Jino liko," nikasema. Nikatazama tena. "Sikio limelala. Na urefu huu sio."

"Mwana!"

"Mama, haifanani," nikamweleza, kwa sauti ya chini ili kumpunguzia uchungu. "Irudi."

Athumani alicheka. "Basi nipunguziwe bei," akasema, akatutazama mmoja mmoja ili tucheke naye. Mama hakucheka. Baba alivaa miwani akashika begi. Tukatoka, na ndani ya teksi mtu yule alitazama madaraja ya juu yakipita na taa zake, wala hakuuliza jina la kitu chochote.

Alilala sebuleni baina ya katoni, na miguu yake ilifika jikoni. Aliniletea kashata za Bibi, nikazila nikiwa nimempa mgongo. Alijaribu kunikumbusha wimbo aliokuwa akinibembelezea. Nikamsikiliza kama mtu anayesikiliza tangazo la stesheni ya treni isiyo yake. "Mwambieni yule chakula tayari," nilisema, na Mama akajibu, "Yule ana jina." Nilikuwa na jina lake, hilo halikuwa tatizo. Jina nilikuwa nimeliweka kwa ajili ya mwenyewe, akifika.

Siku moja alasiri nilikuwa nimejificha nyuma ya katoni, na wao jikoni hawakujua.

"Mama, nirudi tu," alisema Athumani. Alikuwa akichambua mchele. "Bibi yuko peke yake. Na hapa hata mtoto hanitaki."

"Ni mtoto."

"Ndiyo, ni mtoto. Lakini huyo mtoto ndiye niliyekuwa nikimsubiri Ijumaa mpaka Ijumaa. Bibi akinituma dukani nakataa, simu isije ikalia sipo."

Mama, niliyemwona akirudisha mzigo wa kontena zima bila kupepesa, alisimama na kisu juu ya kitunguu asikate. "Likizo ikiisha tutaona," akasema hatimaye.

Nilipaswa kufurahi, kwa kuwa mali isiyofanana ilikuwa inarudi. Badala yake nikawa namchungulia yule mtu kwenye upenyo wa katoni kila nilipopata nafasi. Alikuwa akitafuna nini sijui, labda punje ya mchele mbichi. Na alipotafuna, sikio la kushoto lilisimama. Akimeza, linalala. Akitafuna, linasimama. Niliangalia hivyo mpaka mguu ukafa ganzi.

Jumamosi iliyofuata Baba alikuwa na wasilisho la zege, kwa hiyo Athumani ndiye aliyenipeleka uwanjani. Mama alimvalisha suti ya michezo kutoka kwenye mzigo wake, nyekundu, yenye milia mikononi na maandishi mgongoni ambayo hayakuwa neno la lugha yoyote. Ndani ya basi tulikaa kila mmoja na dirisha lake. Ulikuwa mchezo wa mwisho wa msimu, na manyunyu yalikuwa hewani bila kuanguka.

Alinunua chai mbili, akanipa kadi zote mbili. Tukakaa. Mpira ukapaa, ukapotelea kwenye weupe. Nikamwona naye anainua uso, anasubiri, mdomo wazi kidogo, kama sote.

Mchezo ulipoisha nilishuka hadi kwenye uzio, Athumani akabaki juu, na A-Keung akatokea. Sijui kwa nini siku ile hakupita mlango wa nyuma. Labda kwa kuwa msimu umekwisha, haya nazo zilimwisha. Alikuja moja kwa moja kwenye uzio, barafu begani, na kwa kuwa nilikuwa mdogo nikasukumiwa mbele. Nikampa kadi yake niliyoitunza msimu mzima. Akaichukua, akaiweka gotini, akafungua kalamu kwa meno.

Hapo nikageuka, sijui kutafuta nini. Nadhani nilitaka yule mtu aone.

Juu kule kwenye ngazi za saruji, Athumani alikuwa amezungukwa. Mvulana wa Kichina mwenye miwani, wa umri wangu, alikuwa amemnyooshea kadi na kalamu, na nyuma yake watoto wengine walishaanza foleni. Mtu mweusi, mrefu, ndani ya suti nyekundu ya michezo: bila shaka waliona ni mchezaji aliyeletwa kutoka ng'ambo. Athumani, asiyejua neno la Kichina, alikuwa akitabasamu kwa kuchanganyikiwa. Tangu afike hakuna aliyemfurahia kiasi kile. Akaipokea kadi. Akaiweka gotini.

Sikumbuki kuziacha zile ngazi za chini. Nakumbuka A-Keung akiniita kwa mshangao, kadi yangu mkononi mwake, na mimi nikipanda, nikikanyaga mapaja ya wazee na vipepeo vyao, nikipiga kelele neno nililolisikia kila siku Zhanxi, la laoban aliyeishiwa mali na hataki kuulizwa tena. "Meiyou! Meiyou!" Hakuna! Hakuna!

Nikamnyang'anya kalamu.

"Nini?" Athumani aliruka. "Amekufanya nini huyu?"

"Usitie sahihi! Ukitia, wanakuchukua!"

"Nani anichukue?"

"Huyu! Ameshakuagiza! Ukitia sahihi umekwenda!"

Nilikuwa nalia sasa, kamasi na yote, gauni limechanika kwenye kiti cha mtu. Athumani alinitazama. Akaitazama kadi, akaitazama kalamu ngumini mwangu, na polepole uso wake ukabadilika, nadhani alikuwa akiikumbuka picha iliyopelekwa Mombasa ndani ya mfuko wa plastiki ili isikunjwe. Leo ana kitambi na watoto watatu na hulisimulia jambo hili harusini kama kichekesho. Siku ile hakucheka. Alirudisha kadi kwa mwenyewe kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Mwambie," akaniambia, "mimi nimeshachukuliwa."

Mvulana wa miwani alikuwa bado amesimama na kadi yake isiyotiwa sahihi, amekasirika, kwa haki kabisa. "Kwani yeye si mchezaji?" akaniuliza kwa Kichina.

"Si mchezaji. Ni kaka yangu."

Neno hilo sikuwa nimelitamka tangu afike, kwa lugha yoyote. Mvulana akatazama juu, kwa lile jitu jekundu lenye masharubu. Akatazama chini, kwangu. Akafuta manyunyu kwenye miwani yake akatutazama tena, kwa umakini wa mtu aliyelelewa sokoni kama mimi.

"Hamfanani," akasema.

Nikamshika Athumani mkono, nikamvuta mpaka akachuchumaa, uso wake ukawa sawa na wangu.

"Angalia vizuri," nikamwambia.